Fuata Mbwa Aliyeng'ata: Mwongozo wa Kufuatilia Kichaa cha Mbwa Simiyu

Mtu aliyeng'atwa na mbwa akifika zahanati, huulizwa ameng'atwa lini na sehemu gani ya mwili. Huoshwa kidonda, huandikiwa rufaa ya kwenda kutafuta chanjo, na jina lake huingia kwenye daftari la MTUHA, lile la taarifa za huduma za afya. Mganga amefanya kazi yake sawasawa. Lakini mbwa bado yuko nje. Ameng'ata nani mwingine kabla ya huyu? Katokea kitongoji gani? Na yeye aling'atwa na nani, wiki tatu zilizopita? Maswali haya si ya mganga peke yake wala si ya afisa mifugo peke yake, na kwa kuwa hayana mwenyewe, mara nyingi hayaulizwi kabisa.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu, kamanda wa sungusungu, au mfugaji tu wa Itilima mwenye mbwa wawili wa kulinda zizi. Hauhitaji shahada. Unahitaji daftari, kalamu, simu, na moyo wa kubisha hodi kwa watu mnaojuana. Chanjo, sampuli na dawa vibaki kwa wenye taaluma. Kazi yako ni kwamba wakifika, wakute njia ya ugonjwa imekwisha kuchorwa.

Kabla ya daftari, kidonda

Ukifika mahali mtu ameng'atwa, usianze kuuliza habari za mbwa. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili. Sabuni yoyote inafaa, hata ya kufulia ya kipande. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, na mtoto atalia. Mshike, endelea kumwaga maji. Hatua hii ambayo haigharimu chochote huondoa virusi vingi kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Kisha mpeleke kituo cha kutolea huduma siku hiyo hiyo. Usitie pilipili, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya miti. Mkwaruzo wa jino na mate yaliyorukia jichoni au mdomoni navyo vinahesabika, hata kama damu haikutoka.

Chanjo ya binadamu huchomwa kwa awamu. Ikichomwa kwenye msuli, ratiba iliyozoeleka ni siku ya kwanza, ambayo huitwa siku ya 0, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Ikichomwa ndani ya ngozi, ratiba ni tofauti na dozi ni ndogo. Mgonjwa ashike ratiba aliyopewa na asiache katikati kwa sababu kidonda kimepona. Kupona kwa kidonda hakuna uhusiano wowote na virusi. Kwa binadamu dalili huchukua kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu kuonekana, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na zikishaonekana hakuna tiba. Mgonjwa ataogopa maji, atashindwa kumeza, atachanganyikiwa, atakufa. Familia nyingi hufikia hapo zikidhani karogwa, kwa sababu meno ya mbwa yalikwisha kusahaulika.

Andika tarehe za sindano zake kwenye daftari lako. Siku ya 7 ikipita, mpigie simu yeye au mzazi wake. Mtu aliyetoka Bukundi akatumia nauli kufika hospitali ana sababu nyingi za kutorudi, na simu yako huenda ikawa ndiyo itakayomrudisha.

Kwa nini ugonjwa huu unaweza kufuatwa kwa miguu

Mafua hupita hewani, huwezi kujua nani kakuambukiza kwenye daladala ya Lamadi. Kichaa cha mbwa hupita kwa meno na mate, na mtu aliyekimbizwa na mbwa mwenye udenda haisahau siku hiyo. Ng'ombe aliyerukiwa machungani, kijana anayechunga anamjua kwa rangi na kwa jina la mwenye zizi. Kwa hiyo njia ya ugonjwa imo vichwani mwa watu. Ni suala la kwenda kuwauliza.

Hili limefanywa jirani kabisa na Simiyu. Katika wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Uingereza walifuatilia maambukizi ya kichaa tangu 2002 hadi 2016 katika eneo lenye mbwa wapatao 50,000. Njia yao kuu ilikuwa hii hii: walichukua majina ya waliong'atwa kutoka vituo vya afya na taarifa kutoka kwa maofisa mifugo, wakaenda kijijini, wakamtafuta mwenye mbwa, wakauliza mbwa huyo aling'atwa lini na aling'ata nani, wakaenda nyumba inayofuata. Nyumba kwa nyumba, mwaka hadi mwaka.

Waliyoyakuta yanafaa kukaa kichwani mwako unapofanya kazi hii. Kwanza, wakati wowote ule mbwa wenye ugonjwa hawakuzidi asilimia 0.15, yaani mbwa 75 kati ya 50,000. Ugonjwa unaoua kila anayeonyesha dalili zake ulidumu miaka yote hiyo kwa idadi ndogo kiasi hicho. Ndiyo maana kijiji kinaweza kukaa miezi bila kisa hata kimoja, watu wakasema umekwisha, kumbe uko kijiji cha tatu ukizunguka.

Pili, uchambuzi wa awali wa takwimu za Serengeti na Ngorongoro, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba mbwa mwenye kichaa huwauma mbwa wenzake wawili hivi kwa wastani, na karibu nusu ya waliong'atwa ndio wanaougua. Kila mgonjwa mmoja basi huzaa mgonjwa mmoja na kidogo. Moto huu ni mdogo, unazimika ukibanwa. Tatu, kutoka kung'atwa hadi dalili ni kama siku 22 kwa wastani, na kutoka dalili hadi kifo ni kama siku tatu. Shika namba hizo mbili, 22 na 3. Ndizo saa ya kazi yako.

Wastani lakini usikulevye. Mbwa wengi wenye kichaa hawaumi mwingine yeyote. Mmoja anaweza kuuma kumi. Wengi huuma karibu na nyumbani, ndani ya kilomita moja hivi. Wachache hukimbia zaidi ya kilomita 10 na kuingia kata ambayo hakuna anayewajua. Hao wachache ndio wanaobeba ugonjwa kutoka bonde moja hadi jingine.

Daftari na maswali yake

Gawa ukurasa kwa kisa kimoja, na kisa ni mnyama, si mtu. Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiandika watu, mbwa mmoja aliyeng'ata watoto watatu anakuwa visa vitatu, na mbwa aliyeng'ata ng'ombe tu hakuna anayemwona. Juu ya ukurasa andika mnyama: aina, jinsia, rangi, alama, umri, mwenye mnyama, kitongoji, na kama alichanjwa na mwaka gani. Usitosheke na neno "mbwa koko". Simiyu mbwa asiyefungwa karibu kila mara ana nyumba anakolala. Ukiuliza kwa watoto watakuambia ni wa nani.

Chini yake andika sehemu mbili, Nyuma na Mbele. Nyuma ni nani alimng'ata mnyama huyu, lini, wapi. Mbele ni kila kiumbe alichokiuma au kukigusa kwa mate tangu alipobadilika: watu, mbwa, paka, ng'ombe, mbuzi, punda. Kila mmoja awe na tarehe na mahali. Kisha mwisho wake: alikufa, aliuawa, alitoweka, au yupo mzima.

Tarehe ndiyo itakayokusumbua. Mtu hatakuambia "tarehe 6 Julai". Atakuambia ilikuwa tunavuna pamba. Muulize: kabla ya msimu wa kununua pamba kufunguliwa au baada? Kabla ya Nane Nane ya Nyakabindi au baada? Mnada uliopita au wa kabla yake? Mwenge ulikuwa umekwisha pita? Kwa maswali manne hivi utafika kwenye juma lenyewe, na juma linatosha. Andika pia kwamba ni makadirio, usilivike juma vazi la tarehe kamili.

Mahali: palipo na mtandao, tuma lokesheni ya WhatsApp kwenye kikundi chenu. Pasipo na mtandao andika kwa majina ya wenyeji, lambo la nani, ngitili ya nani, kivuko kipi cha mto. Mwisho wa juma chora ramani ya kijiji kwenye karatasi moja, tia nukta kwa kila kisa na mshale kutoka mnyama hadi mnyama. Mishale inayotoka nje ya karatasi ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, nitaieleza.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko fomu. Mwenye mbwa anaogopa. Anaogopa kudaiwa gharama za hospitali na jirani yake, anaogopa faini, anaogopa kuitwa mbele ya baraza. Ukiingia uwanjani kwake na swali la "mbwa wako yuko wapi?" atakuambia hana mbwa. Ingia kwa salamu ya mwangaluka au mwadila kutegemea saa, kaa ulipopewa kigoda, uliza hali ya nyumba. Swali lako la kwanza kuhusu mbwa liwe juu ya usalama wake yeye: hakukukwaruza? Watoto wako je, aliwalamba? Nani alimfunga, nani alimzika? Mara nyingi utakuta huyu unayemchukulia kama mshitakiwa ndiye aliye hatarini kuliko wote, kwa sababu alimfungua mdomo mbwa wake akidhani kakwamwa na mfupa.

Kisha zungumza na vijana wanaochunga, peke yao, bila wazazi. Wao ndio wanaoona mbwa mgeni akipita. Akina mama kisimani wanajua nani alikimbizwa. Na mwalimu mkuu amruhusu mwalimu wa zamu aulize mstarini asubuhi: nani ameng'atwa au kukwaruzwa mwezi huu? Watoto huficha majeraha wakiogopa kuchapwa kwamba walimchokoza mbwa. Duniani kote watoto chini ya miaka 15 ni sehemu kubwa ya wanaokufa kwa ugonjwa huu, na shuleni ndipo utakapowapata wengi kwa swali moja.

Swali la kufungia kila mazungumzo ni moja: alielekea wapi? Nenda huko.

Mfano wa ukurasa

Tuseme, kwa mfano tu, mtoto ameng'atwa tarehe 29 Julai katika kijiji cha Dutwa. Mbwa dume, mwekundu, mkia uliokatwa, ameuawa na vijana jioni hiyo. Ukiuliza unakuta ni wa mlinzi wa ghala la pamba kitongoji cha pili, hakuwahi kuchanjwa. Mlinzi anasema mbwa aliacha kula tarehe 27, sauti ikakauka, akang'ata mti, usiku wa 28 akaondoka. Mbele: kabla ya mtoto aliuma mbwa wawili na ndama mmoja. Nyuma: mlinzi anakumbuka mbwa wake aligombana na mbwa mgeni usiku, mwanzoni mwa Julai.

Sasa hesabu. Toa siku 22 kutoka tarehe 27 Julai, unapata tarehe 5. Maneno ya mlinzi yanakubaliana na saa ya ugonjwa. Kwa hiyo mbwa mgeni wa mwanzoni mwa Julai ana ukurasa wake, hata kama hujui rangi yake, na vijiji vya jirani viulizwe kuhusu juma hilo hilo. Ongeza siku 22 kuanzia tarehe 29 Julai, unapata tarehe 20 Agosti. Mbwa wawili walioumwa wakiwa bado hai na hawajashughulikiwa, siku za hatari kubwa zinaanza wiki moja au mbili kabla ya hapo na kuendelea Septemba yote. Wengine huchelewa miezi, kwa hiyo usifunge ukurasa wao kabla ya miezi sita. Ndama naye hivyo hivyo.

Ukifika hapo umeshavuka kurekodi yaliyopita. Una majina ya wanyama wawili ambao ugonjwa unaweza kuwatokea, na una wiki moja au mbili za kufanya jambo. Mpe afisa mifugo majina hayo leo. Yeye ndiye ataamua: mbwa aliyekuwa na chanjo hurudiwa chanjo na kuangaliwa, asiye na chanjo kwa kawaida hushauriwa auawe kwa utaratibu wa kitaalamu, au atengwe kwa miezi kadhaa ikiwa mwenyewe ana uwezo wa kumtenga kweli. Kufunga kwa kamba ya katani mlangoni si kutenga.

Je, ni kichaa kweli?

Si kila mbwa anayeng'ata anaumwa. Mbwa mwenye watoto huuma, mbwa aliyekanyagwa huuma. Tazama haya: anauma bila kuchokozwa, anauma vitu visivyo na maana kama fito na mawe, sauti imebadilika, anatoka udenda, anatembea bila kujua aendako, hamtambui mwenyewe. Kuna wa aina ya pili ambao hawana vurugu. Hujificha gizani, taya limelegea, miguu ya nyuma inakufa ganzi. Hao ndio wanaohurumiwa na kutiwa mkono mdomoni.

Kama mbwa au paka aliyeng'ata anajulikana na amefungwa salama, mwangalieni siku 10. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Akifa au kutoweka ndani ya siku hizo, mhesabu kuwa na kichaa. Aliyeng'atwa lakini asingoje siku hizo kumi ziishe ndipo aanze chanjo. Aanze, kisha daktari atamwambia aache kama mbwa yu mzima.

Uhakika kamili hutoka maabara, na sampuli ni ubongo. Afisa mifugo akipata taarifa mapema anaweza kuchukua sampuli kwa mrija kupitia tundu la nyuma ya fuvu bila kupasua kichwa, akatumia kipimo cha haraka, au akapeleka sampuli kwenye baridi hadi Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, kituo cha Mwanza. Wewe usiguse. Kazi yako ni kuulinda mzoga: kivulini, umefunikwa kwa miiba mbwa wengine wasile, hadi afike. Vijana wanaoua mbwa kwa rungu wapige kokote lakini wasipondeponde kichwa; kikisagika hakuna cha kupima. Afisa akishindwa kufika siku hiyo, mzoga uzikwe shimo refu, na waliousogeza wavae glovu au mifuko ya plastiki mikononi.

Ng'ombe, mbuzi na punda

Mkoa wa Simiyu ni wa mifugo, na hapa kuna mlango ambao miongozo mingi ya mijini huusahau. Ng'ombe mwenye kichaa hulia mlio mkavu usiokoma, hutoka udenda, hushindwa kumeza, hujikamua kama anayetaka kujisaidia, kisha hulegea miguu ya nyuma. Mchungaji huona kitu kimemkwama kooni, huvua shati na kutia mkono hadi kwenye kiwiko. Mkono ule una michubuko ya mwiba wa jana. Huyo ameguswa, aende zahanati, na wewe umwandike kwenye Mbele ya ukurasa wa ng'ombe.

Punda ni mbaya zaidi kwa sababu huuma kwa nguvu na kuwafuata watu. Mfunge kwa mbali, usijaribu kumpakia maji.

Na hapa niseme wazi jambo ambalo halipendwi: ng'ombe wa namna hii hachinjwi. Najua thamani ya dume moja Meatu ni ada ya mtoto. Lakini anayechinja na kutenganisha kichwa na shingo anaweka mikono penye virusi vingi kuliko mahali pengine popote, na nyama ikigawanywa nyumba kumi unapoteza hesabu ya walioishika. Maziwa yake yasinywewe. Bei ya ng'ombe mmoja ni ndogo kuliko ratiba za sindano za familia mbili.

Mishale inayotoka nje ya karatasi

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012 kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, una wilaya tano, Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na umepakana na Mara, Mwanza, Shinyanga, Singida na Arusha. Kila mmoja wa mipaka hiyo ni wa karatasi tu kwa mbwa. Lakini ni wa kweli kwa ofisi: afisa mifugo wa Busega haandiki kisa cha Bunda, na hospitali ya Bunda inayomhudumia mtu wa Lamadi humhesabu kama wake. Njia ya ugonjwa hukatikia hapo. Ukiona mshale wako umetoka nje ya kata, usiuache ukining'inia. Pata namba ya mtendaji wa upande wa pili, mtumie ukurasa kwa picha, mwambie rangi ya mbwa na juma lake. Simu moja ya dakika mbili.

Pemba inatufundisha uzito wa simu hiyo. Kisiwani huko kampeni za chanjo zilizoanza 2010 ziliumaliza ugonjwa mwaka 2014. Ukarudi 2016. Watafiti waliunganisha ufuatiliaji wa nyumba kwa nyumba, kama huu ninaouelezea, na usomaji wa vinasaba vya virusi, wakaona kwamba ulirudi kwa kuletwa tena kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja upya, ukaondoka tena 2018. Ikiwa kisiwa chenye bahari pande zote huletewa, sisi tuliopakana na mikoa mitano kwa nchi kavu tuutegemee mpaka upi?

Njia zetu kubwa ni tatu. Kuna barabara ya Lamadi, Bariadi, Maswa hadi Shinyanga, na malori ambayo huchukua mbwa wa kulinda mzigo. Kuna minada, ambako mbwa huja wakifuata mifugo kutoka mbali na kurudi na majeraha ya kugombea mifupa. Siku mbili baada ya mnada pita machinjioni uliza. Na kuna uhamaji wa wafugaji kiangazi kutafuta malisho na maji. Mwenyekiti akipokea kaya mpya yenye ng'ombe, pamoja na barua ya utambulisho aulize kadi ya chanjo ya mbwa.

Hifadhi na wanyama pori

Wakazi wa Meatu, Itilima na Bariadi wanaopakana na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa huwa na maoni kwamba ugonjwa unatoka porini. Kwa upande wetu wa nchi ushahidi unaonyesha kinyume: mbwa wa nyumbani ndio wanaoudumisha, na fisi, bweha au nyegere huupata kutoka kwao na mnyororo hukatika. Kusini, Lindi na Mtwara, bweha wamekutwa kuwa sehemu kubwa ya visa, kwa hiyo usilichukulie jambo hili kuwa ni sheria ya nchi nzima. Andika kila mnyama pori kama ulivyomwona.

Kiutendaji: fisi au bweha anayeingia kijijini mchana, asiyeogopa watu, ahesabiwe ana kichaa mpaka maabara iseme vinginevyo. Hakuna kumwangalia siku 10. Aliyeng'atwa aanze chanjo, na askari wa wanyamapori wapewe taarifa.

Pori nalo lina madai yake juu yetu. Mwaka 1994 simba wapatao 1,000 wa Serengeti, kama theluthi moja ya wote, walikufa kwa distempa, ugonjwa mwingine wa virusi ulioenea kwa mbwa wa vijijini. Miaka michache baadaye mbwa wa vijiji vya kuzunguka hifadhi wakaanza kuchanjwa.

Usiue mbwa wote, chanja

Kisa cha kwanza kikithibitika, mkutano wa kijiji utataka mbwa wote wauawe. Sauti hiyo ina nguvu, hasa kama aliyekufa ni mtoto. Ipinge kwa hoja. Katika kisiwa cha Flores nchini Indonesia, ugonjwa uliingia 1997, mbwa wakauawa kwa maelfu mengi, na ugonjwa ukabaki. Watu huficha mbwa wao, huwapeleka kwa shemeji kijiji kingine, na hapo umevisaidia virusi kusafiri. Baadaye kila zizi hutafuta kitoto cha mbwa kipya kisicho na chanjo. Ua mgonjwa na shughulikia walioumwa. Wengine chanja.

Kiwango kinacholengwa ni asilimia 70 ya mbwa wote, kila mwaka. Kwa ugonjwa ambao mgonjwa huambukiza mmoja na kidogo, asilimia 70 inaonekana nyingi, na kweli ingetosha pungufu kama mbwa wangeishi miaka kumi. Hawaishi. Wanakufa, wanazaliwa, na aliyechanjwa mwaka jana leo hayupo. Ukianza na 70 utakuwa bado na kinga ya kutosha kampeni inayofuata ikija. Lete hata watoto wa mbwa wachanga. Watu huwaacha nyumbani wakidhani ni wadogo mno, nao ni wengi.

Hapa ramani yako inalipa. Halmashauri ikipata dozi chache, itauliza zipelekwe wapi. Ukiwa na karatasi yenye nukta na mishale unaweza kusema: vijiji hivi viwili kwanza, na vya ng'ambo ya mpaka wiki hiyo hiyo. Kijiji kimoja kilichorukwa kinatosha kuurudisha ugonjwa kwa majirani waliochanja vizuri.

Taarifa, na maana ya ukimya

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaopaswa kutolewa taarifa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, kwa hiyo unapompigia afisa mifugo wa kata humwombi hisani. Kila Ijumaa linganisha daftari lako na la zahanati. Waliong'atwa walio kwako lakini hawako MTUHA hawakutibiwa, wafuate. Walio MTUHA lakini hawako kwako wana mbwa ambaye hujamfuata. Pakiwa na dharura na hakuna anayepokea simu kituoni, namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure. Yowe, au mwano kama sungusungu wanavyouita, upigwe pia kwa mbwa mwenye dalili, si kwa wezi wa ng'ombe tu.

Mwezi usio na kisa uandike hivyo: "tumeuliza vitongoji vyote, hakuna". Kuandika sifuri baada ya kuuliza ni taarifa. Kutoandika chochote si taarifa, na wilaya isiyo na taarifa haipangiwi dozi. Makadirio yaliyochapishwa 2002 yalionyesha kwamba Tanzania inapoteza karibu watu 1,500 kwa mwaka kwa ugonjwa huu, mara nyingi zaidi ya wale wanaoonekana kwenye ripoti rasmi, kwa sababu wengi hufia nyumbani.

Mashirika ya afya na mifugo ya dunia yameweka 2030 kuwa mwaka wa kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa. Muda uliobaki ni mfupi. Anza na jina la mtu wa mwisho kung'atwa kijijini kwako: tafuta mbwa aliyemng'ata, uliza alikotoka, uliza alikoelekea, na umpigie afisa mifugo kabla jua halijazama.